MAMBO YA NYUMBANI: Soketi Njema kwa Redio na Vyombo vya Muziki

Siku hizi katika nyumba nyingi za Kenya, mjini na mashambani, umeme unapoingia tu, taa hufuatwa na chombo cha sauti. Mwingine hununua redio ndogo apate kusikiliza habari na bei za mazao. Mwingine hununua amplifaya na spika mbili kubwa. Na wako wazee waliohifadhi sahani zao za santuri tangu ujana, ambao sasa wanatafuta kinanda kizuri cha kuzipigia. Mtu wa namna hiyo huzunguka madukani siku tatu akilinganisha spika na spika, akiinama na kusikiliza, akiuliza bei na kuondoka na kurudi. Lakini ikifika habari ya soketi, yaani lile tundu la ukutani litakalokilisha chombo chake umeme, humwambia fundi, "Nunua yoyote."

Wazee walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Chombo cha muziki nacho ni vivyo hivyo. Uso wake unaong'aa mbele ya wageni si kitu kama waya ulioko nyuma ya ukuta umelegea, au kama waya wa ardhi haukufika ardhini. Wako watu walionunua vyombo vya thamani wakavipoteza kwa ajili ya soketi ya bei ya chini kabisa. Tena wako wengine, hasa katika nchi za Ulaya na Marekani, waliolaghaiwa na bei kubwa wakadhani kwamba soketi iliyopakwa dhahabu itawatengenezea sauti tamu. Makundi haya mawili yamekosa njia kwa sababu moja: hayakuuliza kwanza soketi ina kazi gani.

Kazi ya soketi ni tatu tu. Ya kwanza ni kuyabana meno ya plagi kwa nguvu, umeme upate kupita bila kizuizi. Ya pili ni kuutenga umeme huo na mikono ya watu, hasa ya watoto. Ya tatu ni kuunganisha mwili wa chombo na ardhi, ili umeme ukivuja upate njia ya kwenda mbali na mwili wa mwenye nyumba. Soketi inayofanya kazi hizi tatu kwa miaka mingi ni soketi njema.

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na soketi zinazotumika ni za namna ya Kiingereza zenye matundu matatu ya mraba. Kanuni ya soketi hizi ilitangazwa Uingereza mwaka 1947, nayo huitwa BS 1363. Kabla ya hapo zilitumika plagi za meno ya mviringo, na katika nyumba za zamani huenda zikaonekana hata leo. Kanuni ya mwaka 1947 ilileta mambo mawili ya busara. Kwanza, kila plagi ina fyuzi yake ndani. Pili, jino la juu, ambalo ni la ardhi, ni refu kuliko mengine. Likiingia hufungua vifuniko vidogo vilivyoziba matundu mawili ya chini. Kwa hiyo mtoto akichokoa tundu la chini kwa msumari hakuti umeme, bali hukuta kifuniko.

Basi mtu anayekwenda dukani na achukue plagi nzima mfukoni, maana hiyo ndiyo mizani yake. Aitie katika soketi anayotaka kununua, kisha aivute. Plagi isiingie kama kijiko katika uji. Iingie kwa nguvu kidogo, itulie bila kuchezacheza, na kutoka kwake pia kutake nguvu. Kisha aigeuze soketi aangalie nyuma. Vibanio vya ndani viwe vya shaba nene, si bati jembamba lililopakwa rangi ya shaba. Mashimo ya kuingizia waya yawe makubwa kiasi cha kuchukua nyaya mbili nene, na skrubu zake zisiwe laini hata zikaharibika kwa bisibisi mara ya kwanza. Swichi ikibonyezwa isikike ikigonga mara moja, isisitesite katikati. Atazame pia alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, wala asitosheke na alama peke yake, kwa kuwa walaghai huiga hata alama. Uzito wa mkononi na nguvu ya kubana ni mashahidi wasioigwa kwa urahisi.

Huenda mtu akauliza, kuna hasara gani kibanio kikilegea kidogo? Hesabu ndogo itamjibu. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta ampea 8 na zaidi. Ikiwa pale jino linapogusana na kibanio pamelegea, hata pakawa na uzito wa omu 1 tu wa kuuzuia umeme, moto utakaozaliwa hapo ni wati 69 hivi. Huo wapita moto wa chuma kidogo cha kulehemu redio, nao umefungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani, pengine nyuma ya pazia. Amplifaya ya wati 300 huvuta ampea 1 na robo tu, kwa hiyo moto wake ni mdogo. Lakini soketi haichagui mgeni. Ile iliyowekewa redio leo, kesho itapigiwa pasi. Tena, pale palipolegea umeme huruka cheche ndogo ndogo, na cheche hizo husikika katika spika kama mtu anayekanyaga majani makavu. Mwenye nyumba hudhani chombo kimeharibika, kumbe ni ukuta.

Liko jambo moja lililoenea sana ambalo yafaa liachwe. Redio nyingi huja na plagi ya meno mawili ya mviringo. Mwenye nyumba huchukua kalamu, akalichokoa lile tundu la juu mpaka vifuniko vikafunguka, kisha akasukuma meno mawili ndani. Redio huimba, naye hujiona mwerevu. Lakini meno yale membamba hayakutengenezwa kwa tundu la mraba. Yanagusa upande mmoja tu, na baada ya miezi michache kibanio hupanuka kisiweze tena kubana plagi ya haki. Zaidi ya hayo, plagi hiyo haina fyuzi. Njia iliyo sawa ni kununua kibadilishi chenye fyuzi ndani yake, au kumwomba fundi akate plagi ile na kufunga ya meno matatu yenye fyuzi ya ampea 3. Gharama yake ni ndogo, na mtoto hatajifunza kwa babake kwamba kuchokoa soketi kwa kalamu ni kazi ya watu wazima.

Na hizo soketi za dhahabu je? Ni kweli kwamba dhahabu haishiki kutu. Lakini umeme unaoingia sebuleni Kakamega au Nyeri umetoka mbali, labda katika mabwawa ya Mto Tana, labda katika mvuke wa Olkaria karibu na Naivasha. Umepita katika nyaya za kilomita nyingi, katika transfoma kadhaa, na katika mita ya nyumba. Uchafu ulioupata katika safari hiyo yote hautaondolewa na kipande cha dhahabu kisichofika urefu wa kidole. Tena amplifaya yenyewe haiutumii umeme ule jinsi ulivyo. Huupunguza kwa transfoma, huugeuza uende upande mmoja, na huutuliza katika kapasita kubwa, kama maji yanavyotulizwa katika tangi kabla ya kunywewa. Fedha ya soketi ya dhahabu ingenunua soketi njema za nyumba nzima na kulipa ujira wa fundi wa haki.

Maana soketi njema ikifungwa vibaya ni bure. Kazi ya kufunga waya si ya kila mwenye bisibisi. Sheria ya Kenya yataka ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza. Hata hivyo ni vizuri mwenye nyumba ajue mambo machache, ili asimame karibu na kuuliza, kama vile mkulima asiyejua kutibu ng'ombe anavyosimama karibu na daktari wa mifugo.

Jambo la kwanza ni unene wa waya. Waya wa soketi uwe wa milimita mraba 2.5, ule wa 1.5 ni wa taa. Uwe wa shaba nyekundu tupu. Siku hizi ziko nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, nazo huuzwa kwa bei ya kuvutia. Waya ukikwaruzwa kwa kisu na weupe ukaonekana ndani, urudishwe dukani.

Jambo la pili ni njia ya waya. Ikiwezekana, soketi za vyombo vya muziki zipate waya wao wenyewe kutoka sanduku la swichi kuu, ukilindwa na swichi ya kujikata ya ampea 20, mbali na waya wa friji na pampu ya maji. Mota za vyombo hivyo zikianza kuzunguka huutikisa umeme, na mtikiso huo husikika kama kofi katika spika. Kwa mtu anayependa sauti safi, waya huu mmoja una faida kuliko mapambo yote.

Jambo la tatu ni mahali pa kila waya. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, wa nyutro ni mweusi, na wa ardhi, ambao mafundi huuita athi, ni wa kijani. Katika kazi za siku hizi waya wa moto ni wa kahawia, wa nyutro ni wa buluu, na wa ardhi una mistari ya kijani na manjano. Soketi ikitazamwa kwa mbele, tundu la juu ni la ardhi, la chini kulia ni la moto, na la chini kushoto ni la nyutro. Fundi akibadilisha moto na nyutro, redio itaimba kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo. Swichi ya soketi, kama ni ya kukata waya mmoja tu, itakata nyutro, na fyuzi ya plagi itakuwa upande usio na kazi. Chombo kilichozimwa kitabaki na moto ndani yake. Fundi na apime kila soketi kwa chombo cha kupimia kabla ya kulipwa, wala asiseme tu kwamba redio inaimba.

Jambo la nne ni mikazo. Ganda la waya livuliwe kiasi cha kutosha tu, shaba isikatwe wala kujeruhiwa, na skrubu zikazwe barabara. Kila waya uvutwe kwa mkono baada ya kukazwa. Waya wa ardhi ulio uchi uvishwe ganda lake la kijani na manjano, na kisanduku cha ukutani kikiwa cha chuma nacho kiunganishwe na ardhi.

Fyuzi ya plagi pia ina kanuni yake. Fyuzi hailindi redio. Hulinda waya wa redio usishike moto. Kwa chombo kisichofika wati 700, fyuzi ya ampea 3 yatosha. Amplifaya yenye transfoma nzito huvuta umeme mwingi kwa nukta moja inapowashwa, kwa hiyo mtengenezaji aweza kuagiza ampea 5. Fyuzi ya ampea 13 ni ya pasi, birika na vyombo vya namna hiyo. Ama mtu anayefunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua, huyo amemfukuza mlinzi na kuacha lango wazi.

Sasa liko jambo lililo kubwa kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni mvumo. Mtu huunganisha amplifaya na televisheni au kompyuta, akakuta sauti nzito ikivuma chini ya muziki, mfululizo, hata wimbo ukinyamaza. Mara nyingi chanzo chake ni hiki: vyombo viwili vimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, kisha vikaunganishwa tena kwa waya wa sauti. Ni kama mifereji miwili ya shamba ambayo maji yake hayako usawa mmoja. Ukiiunganisha kwa bomba, maji yatapita katika bomba yakitafuta usawa. Ndivyo umeme mdogo unavyopita katika waya wa sauti, na kwa kuwa umeme wa Kenya hugeuka mara 50 kwa nukta moja, sikio husikia mvumo.

Wako wanaojiita mafundi ambao wakiitwa kwa shida hiyo hufungua plagi, wakakata waya wa ardhi, na mvumo ukanyamaza papo hapo. Mwenye nyumba hufurahi na kulipa. Asilolijua ni kwamba tangu saa ile chombo chake hakina kinga. Siku waya wa moto utakapochubuka ndani na kugusa mwili wa chuma, fyuzi haitakatika, maana umeme hauna njia ya kwenda ardhini. Utangoja kwa subira mpaka mtu ashike kile chuma, naye akiwa amesimama pekupeku juu ya sakafu ya simiti yenye maji baada ya kupigwa deki. Aghalabu mtu huyo hatakuwa fundi aliyekata waya, bali mtoto anayetaka kuongeza sauti.

Mvumo una dawa nyingine zisizoua. Ya kwanza haina gharama: vyombo vyote vya muziki vilishwe kutoka soketi moja ya matundu mawili, au kutoka ekstensheni moja iliyo imara, ili vyote viende ardhini kwa njia moja. Ya pili ni kuzitenga nyaya za sauti na nyaya za umeme, na zikikutana zipishane kama barabara mbili, zisilale pamoja. Ya tatu ni kununua transfoma ndogo ya kutenganisha, ambayo hufungwa katika waya wa sauti. Hukata njia ya mvumo bila kugusa waya wa ardhi. Mtu asichanganye jambo hili na vyombo vilivyotengenezwa tangu kiwandani bila waya wa ardhi. Hivyo vina ganda maradufu ndani, na alama yao ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Chombo kisicho na alama hiyo, na chenye waya wa nyuzi tatu, lazima kiwe na ardhi.

Na ardhi yenyewe ipimwe. Fimbo ya shaba iliyopigwa chini miaka mingi iliyopita huenda imeliwa, au udongo wake umekauka, au waya wake ulikatwa na jembe. Fundi mwenye leseni ana chombo cha kuipimia. Wakati huo huo aulizwe kuhusu ile swichi inayogundua uvujaji wa umeme, ambayo hukata moto uvujaji ukifika sehemu 30 katika elfu za ampea moja. Nyumba yenye watoto haifai kukosa swichi hiyo.

Yabaki maneno mawili madogo. Ekstensheni isibebeshwe mzigo usio wake. Yote iliyochomekwa katika tundu moja la ukutani haitakiwi kupita ampea 13, yaani wati 3,120, na waya mwembamba huchukua chini ya hapo. Isiachwe imekunjwa kama nyoka huku ikitumika, wala isipitishwe chini ya mkeka. Tena, katika sehemu zenye ngurumo nyingi, kama Kisii na Kakamega, wingu likianza kuguruma plagi ichomolewe ukutani na waya wa antena pia. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu radi iliyovuka mbingu haizuiwi na nafasi ya milimita chache.

Kwa hiyo mtu mwenye fedha kidogo na apange matumizi yake hivi: kwanza ardhi iliyopimwa, pili swichi ya kugundua uvujaji, tatu waya wa shaba wa unene wa haki, nne soketi inayobana, na mwisho, zikibaki shilingi, spika kubwa zaidi. Na ambaye nyumba yake imekwisha fungwa zamani, jioni ya leo azime umeme, achomoe plagi ya redio yake, aifungue kwa bisibisi, na ahesabu nyaya. Zikiwa tatu katika waya na mbili tu zimefungwa, redio hiyo isiwashwe tena mpaka ya tatu irudishwe mahali pake.